Kutoka San Ysidro hadi Delano: siku sita na watu wa mpwa wangu

Siku ya kwanza: Barrio Logan

Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai, mpwa wangu alikuwa ameshaniwekea karatasi mbele. Ni fomu ya shule, ya kujiandikisha kwa mwaka mpya wa masomo. Swali moja: je, mwanafunzi ni Mhispania au Mlatino, yaani mwenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, ndiyo au hapana? Linalofuata: ni wa rangi ipi? Kwenye kisanduku cha "Mweusi" palikuwa na alama ya penseli, imefutwa, ikawekwa tena, ikafutwa tena, mpaka karatasi imeanza kutoboka.

"Mjomba, sisi kabila gani?"

Swali hilo nalijua tangu utotoni. Mimi ni mtu wa Tanga, Chumbageni. Babu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu, akaja pwani miaka ya arubaini kukata mkonge, akiwa manamba. Bibi alikuwa Mdigo. Upande wa mama ni Pangani, na huko wamechanganyika na kila jahazi lililotia nanga. Nilipopelekwa shule ya bweni bara, nikiulizwa kabila najibu "Mswahili", na mwalimu mmoja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba hilo si kabila, nirudi kwa wazazi nikaulize vizuri. Siku ile niliona haya, na sikutaka mtoto huyu naye aone haya.

Dada yangu ameolewa huku San Diego, California, mwaka wa kumi na nne huu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, Mmarekani wa asili ya Meksiko, mzaliwa wa Barrio Logan, mtaa uliobanwa kati ya bandari, barabara kuu na daraja kubwa la Coronado. Mtoto wao ana miaka kumi na miwili. Rangi na nywele kachukua Tanga, macho kachukua kwa baba yake. Anaamkia "shikamoo" iliyonyooka, kisha anageuka na kumjibu bibi yake wa pili kwa Kihispania bila kuvuta pumzi.

Shemeji ndiye aliyetoa shauri. Ana likizo ya wiki moja, gari lipo, shule hazijafunguliwa. Tumpandishe mtoto njia waliyopita watu wake, kutoka mpakani hadi kwenye mashamba ya zabibu ya Delano. Baba yake, mzee wa miaka themanini, alikuwa amekaa kimya na kahawa yake. Akasema na yeye anakwenda. Hajarudi Delano tangu aondoke.

Jioni nilimfuata shemeji gereji kupanga vitu. Kwenye msumari ukutani lilining'inia jembe. Chuma chake ni cha kawaida, kimelika pembeni. Mpini ndio ulionishangaza: ulikuwa sawa na mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikadhani ni la mtoto. Mzee akalishusha, akainama mpaka uso ukakaribia sakafu, akapalilia saruji hatua tatu, nne, huku mkono wa pili ameuweka mgongoni. "El cortito," akasema. Kifupi.

Walilitumia kupalilia saladi na biti za sukari. Jembe la mpini mrefu lingefanya kazi ileile, lakini kwa hiki kifupi nyapara alikuwa akitupa jicho moja tu shambani, na aliyesimama wima ndiye anayepumzika. California ilikipiga marufuku mwaka 1975. Mzee alikuwa amekitumia misimu sita, Salinas na Bonde la Imperial, na mgongo wake haujanyooka mpaka leo.

Siku ya pili: ukuta, nguzo na mkonge

Asubuhi tulipanda treni nyekundu ya mjini hadi San Ysidro, mwisho wa reli. Ukishuka, hatua chache tu upo mpakani, watu wanakwenda na kurudi na mifuko ya sokoni. Mzee hakuutazama ukuta. Alitazama vilima vya Tijuana kwa ng'ambo, nyumba zimepandana kama mayai kwenye trei.

Hadi 1848 kusini na kaskazini ya hapa palikuwa nchi moja. Marekani na Meksiko zilipigana tangu 1846, na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848 ukamaliza vita. Ukiihesabu na Texas, Meksiko ilitoka ikiwa imepoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake, na ililipwa dola milioni 15. California yote ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Watu waliokuwa wakiishi humo hawakusogea hata hatua. Ndiyo maana wana usemi wao: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka.

Bibi yangu Mdigo asingehitaji kuelezwa. Ndugu zake wengine wako Vanga na Lunga Lunga, na mstari wa Waingereza na Wajerumani ulipita katikati ya minazi yao. Nilimweleza mpwa wangu hivyo, na yeye akanisahihisha: ukoo wa baba yake mpaka waliuvuka kwelikweli. Ni kweli. Baba wa mzee alitoka Michoacán akiwa bracero, kibarua wa mkataba. Mpango huo ulianza 1942, vijana wa Marekani wakiwa vitani na mashamba hayana watu, ukaendelea hadi 1964. Mikataba zaidi ya milioni 4 iliandikwa. Mtu alipimwa, akapigwa picha, akapewa kadi yenye namba, msimu ukiisha arudi kwao. Wengine hawakurudi.

Mchana tukaenda Chicano Park, dakika tano kwa miguu kutoka nyumbani. Hapa niandike kwa utulivu, maana sijaona mahali kama hapa.

Wazia daraja la saruji, nguzo zake kubwa zimepangana kama mibuyu, juu magari yananguruma mchana kutwa. Chini yake nguzo zote zimepakwa rangi kutoka kwenye mizizi hadi kwenye mabega. Mashujaa wa Meksiko, Bikira wa Guadalupe, nyoka mwenye manyoya, wanawake wa mashambani, watoto. Michoro inazidi themanini. Barabara kuu ilipopitishwa hapa mwaka 1963 iliukata mtaa vipande viwili, na mwaka 1969 daraja likaja kukanyaga kilichobaki. Wakazi waliahidiwa bustani chini ya daraja. Tarehe 22 Aprili 1970 wakaamka na kukuta makatapila yanasawazisha ardhi ili kijengwe kituo cha polisi wa barabara kuu.

Mzee alikuwa na miaka ishirini na mitano, ana miaka miwili tu tangu ahame mashambani aje kutafuta kazi bandarini. Mkewe alikuwa kiwanda cha kusindika jodari. Anasema mwanafunzi mmoja ndiye aliyekimbia kupiga mbiu, na kufikia mchana watu walikuwa wameshikana mikono kuyazunguka makatapila: wanawake, wazee, wanafunzi, mabaharia waliotoka zamu. Wakaleta majembe na mbegu. Walikaa siku kumi na mbili wakipanda maua na dungusi kwenye ardhi ambayo serikali ilisema si yao. Walipoondoka walikuwa wameipata. Michoro ilianza 1973, na tangu 2016 pahali hapa ni alama ya kitaifa ya kihistoria.

Nguzo moja ina maneno makubwa: *Varrio sí, yonkes no*. Mtaa ndiyo, makaburi ya magari hapana. Walichora hivyo kwa sababu jiji lilikuwa limeruhusu vyuma chakavu virundikwe katikati ya nyumba za watu. Nimeupenda kuliko mchoro wowote wa shujaa, maana unasema jambo ambalo mama wa Mikoroshini au Magomeni angelisema leo asubuhi.

"Chicano maana yake nini hasa?" nikauliza.

Mzee akanieleza kwa Kiingereza chake cha bandarini. Babu zake walilitumia kama tusi, jina la Mmeksiko fukara asiye huku wala kule. Vijana wa miaka ya sitini wakaliokota, wakalipangusa, wakalivaa. Mpwa wangu alishtuka kwamba jina la bustani yake lilikuwa tusi. Nikamwambia basi asikie na letu: mtu akisema "mambo ya kiswahili" au "uswahilini", mara nyingi hakusudii sifa. Na sisi bado tunaitwa Waswahili, tunaitika.

Karibu na nguzo ya mwisho wamepanda mikonge. Niliijua kabla sijaifikia, kwa mwiba mweusi wa kwenye ncha. Mzee akaigusa: "Maguey." Nikamwambia hii kwetu ndiyo iliyoujenga mji. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, asili yake ikiwa Yucatán huko Meksiko, na mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakaota mashamba ya Pangani, Muheza, Ngomeni, Korogwe. Hata jina sisal ni la bandari ya Yucatán. Mzee akakaa kwenye ukingo wa saruji, akataka nimweleze tena kutoka mwanzo, na safari hii mjukuu atafsiri kila neno.

Siku ya tatu: njiani, na shule ya Westminster

Tuliondoka alfajiri, bahari mkono wa kushoto. Mpwa wangu alianzisha mchezo wa maneno na ukatufikisha mbali. Meza, *mesa*. Bendera, *bandera*. Kasha, *caja*. Hayo sisi tuliyapata kwa Wareno, ambao lugha yao na Kihispania ni ndugu. Kisha tukaingia kwenye kundi la pili: sukari na *azúcar*, zafarani na *azafrán*, zeituni na *aceituna*. Waarabu waliingia Hispania mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, Granada, ulianguka 1492, kwa hiyo maneno waliyoyaacha kule ni ndugu wa yale waliyotuachia sisi. *Alcalde*, meya wa mji, ni kadhi yuleyule. *Hasta* ni hata, na mtu akisema *hasta mañana* ni kama anasema hata kesho. Lililomnyamazisha mzee ni *ojalá*, neno alilolitamka maisha yake yote kila akitumaini jambo. Asili yake ni dua ya Kiarabu yenye jina la Mungu ndani yake, jamaa wa inshallah. Alilirudia taratibu mara kadhaa, akitazama baharini.

Westminster tulisimama kwenye bustani ndogo ya kumbukumbu ya familia ya Mendez. Gonzalo Mendez alikuwa Mmeksiko, mkewe Felicitas alikuwa mweusi kutoka Puerto Rico. Walikodi shamba la familia ya Kijapani iliyokuwa imepelekwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Shangazi alipowapeleka watoto kuandikishwa shule, wake mwenyewe, weupe kidogo na wenye jina la ukoo linalosikika la Kifaransa, wakapokelewa. Wa Mendez wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Shangazi akawachukua wote akarudi nao nyumbani.

Gonzalo na familia nyingine nne wakaenda mahakamani. Walishinda 1946, rufaa ikathibitisha 1947, na mwaka huohuo California ikafuta sheria ya kutenga watoto shuleni, miaka saba kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijatoa hukumu kama hiyo kwa nchi nzima. Mpwa wangu aliuliza Felicitas alijaza nini kwenye fomu. Shemeji akasema siku zile fomu ilijazwa na aliyekutazama.

Los Angeles tuliingia saa kumi na mbili jioni, foleni inasonga kwa nukta.

Siku ya nne: majina arubaini na manne

Kwenye uwanja wa zamani wa Los Angeles, jirani na Olvera Street, kuna bamba lenye majina ya walioanzisha mji huu tarehe 4 Septemba 1781. Watu 44, familia 11, waliotembezwa kutoka Sonora na Sinaloa. Mbele ya kila jina la mtu mzima wameandika umri na asili: Español, Indio, Mestizo (chotara wa Mzungu na Mwindio), Mulato (chotara wa Mzungu na Mwafrika), Negro.

Nilisoma nikahesabu kwa kidole, kisha nikaanza upya nikidhani nimekosea. Zaidi ya nusu ya waanzilishi wa Los Angeles walikuwa na damu ya Kiafrika. Luis Quintero, Negro, miaka 55, alikuwa fundi cherehani. Mjukuu wake María Rita Valdez alikuja kumiliki shamba kubwa la ng'ombe lililoitwa Rodeo de las Aguas, na ardhi hiyo leo inaitwa Beverly Hills. Ng'ambo ya uwanja kuna hoteli ya zamani ya ghorofa tatu, Pico House, iliyojengwa na Pío Pico, gavana wa mwisho wa California ya Meksiko. Bibi yake aliandikwa mulata kwenye sensa ya 1790. Tulimsimamisha mpwa wangu mbele ya bamba tumpige picha, naye akakataa kutazama kamera. Alikuwa anasoma.

Fomu na sensa zimewageuza watu hawa mara nyingi kuliko wanavyoweza kukumbuka. Mwaka 1930 sensa ya Marekani iliweka "Mmeksiko" kuwa rangi. Mwaka 1940 ikaliondoa, wakawa weupe tena. "Mhispania" ndiyo iliyoulizwa nyumba zote 1980, na "Mlatino" ikaongezwa 2000. Mzee ameishi ndani ya majina hayo karibu yote. Yeye mwenyewe akiulizwa husema kijiji cha baba yake.

Uwanja huu una siku yake mbaya. Tarehe 26 Februari 1931, wakati wa mdororo wa uchumi, maafisa waliufunga pande zote na kuwazuia watu wapatao 400 waliokuwa wakiota jua, wakiwadai vyeti. Miaka ile mamia ya maelfu walisukumwa kwenye treni kwenda Meksiko, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa hapahapa. California iliomba radhi kwa sheria ya mwaka 2005. Shemeji alipokuwa akinisomea hayo niliona anagusa mfuko wa shati. Nilimwuliza usiku. Anatembea na pasipoti, safari nzima, yeye aliyezaliwa hospitali ya San Diego.

Juu ya ukuta wa nyumba moja ya Olvera Street kuna mchoro wa David Alfaro Siqueiros wa 1932. Aliagizwa achore Amerika ya tropiki, waliomlipa wakitarajia minazi na kasuku. Yeye akachora Mwindio aliyesulubiwa, na juu ya msalaba tai. Haukupita muda ukapakwa chokaa. Jua la miaka likaichuja chokaa taratibu, mchoro ukaanza kujitokeza wenyewe, na tangu 2012 watu hupanda kuutazama. Rangi zimekufa, umebaki kama kivuli. Mtu wa msalabani bado anaonekana.

Siku ya tano: nazi, kinu na mchi

Leo tulialikwa nyumbani kwa mama mmoja, rafiki wa zamani wa mke wa shemeji mdogo, kusini mwa Los Angeles. Ni Mgarifuna wa Honduras. Mlango ulipofunguliwa nilitaka kusema "hodi, mama", maana niliyemwona mbele yangu ni mama wa Pangani mtupu, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Akatukaribisha kwa Kihispania cha haraka. Mpwa wangu alibaki amesimama mlangoni.

Wagarifuna ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa Karibi waliochanganyika kisiwa cha Saint Vincent. Waliwapiga vita Waingereza, wakashindwa, na mwaka 1797 Waingereza wakawapakia melini na kuwatupa kisiwa cha Roatán, pwani ya Honduras. Waliofika hai walizidi 2,000 kidogo. Kutoka hapo walitandaa pwani yote, Belize, Guatemala, Nikaragua. Lugha yao ni ya asili ya Karibi, na mama huyu anaongea tatu bila kujua lini anahama.

Alikuwa anapika *hudut*. Ndizi mbichi na mbivu zimechemshwa, zinatwangwa kwenye kinu cha mti kirefu, kiunoni, na mchi wa kushika kwa mikono miwili. Pembeni nazi imekunwa, inakamuliwa tui la kwanza na la pili, kisha samaki anaingia humo na pilipili. Nilimwomba mchi. Alinitazama kwa shaka, akanipa, na nilipoanza kutwanga kwa mdundo wa nyumbani akacheka akapiga makofi kuufuata. Ukutani aliweka *ruguma* ya mama yake, mfuko mrefu wa ukili wa kukamulia muhogo uliokunwa. Niliishika. Ususi wake ni ndugu wa kifumbu, ila huu una urefu wa mtu.

Tulikula kwa mikono. Tonge la ndizi, unachovya, unachukua na kipande cha samaki. Mchuzi ule ukiniletea nimefumba macho nitasema ni wa Ramadhani, nyumbani kwa shangazi.

Mama alisema wakimwona mtaani wanamsemesha Kiingereza cha Wamarekani weusi, na akijibu Kihispania wanamwuliza amejifunza wapi. "Nimezaliwa nacho," huwajibu, "na kabla yake nimezaliwa na kingine." Akamvuta mpwa wangu, akamwondolea kofia, akaanza kumsuka bila kumwomba ruhusa, mistari midogo kuelekea nyuma. Mtoto alikaa chini katikati ya magoti yake karibu saa mbili, wakiongea Kihispania. Sikuelewa walichosema, wala shemeji hakunitafsiria. Alitoka nje akasimama barazani, mgongo kwetu, muda mrefu.

Siku ya sita: Delano

Ni kilomita 230 hivi. Unapanda milima kaskazini ya Los Angeles, kisha ardhi inafunguka chini yako, bonde tambarare lisilo na mwisho, safu za mimea zimenyooka kama zimepigwa rula. Joto lilikuwa kama la Kilosa mwezi wa kumi na mbili. Mzee aliteremsha kioo apate harufu.

Ni msimu wa zabibu. Kando ya barabara vibarua walikuwa wamejifunika nyuso zote kwa vitambaa, macho tu yanaonekana, wanakata vichala na kuvipanga kwenye makasha chini ya miavuli. Tulisimama kununua maji, na kwenye kivuli cha duka wanawake wawili walikuwa wanazungumza lugha ambayo si Kihispania. Mzee akawauliza. Kimixteki, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, wametoka Oaxaca. Kihispania walijifunza ukubwani, kama mimi nilivyojifunza Kiingereza. Na kwenye fomu nao ni Walatino.

Mgomo wa vibarua wa zabibu wa Delano haukuanzishwa na Wameksiko, na mzee alitaka mjukuu wake alijue hilo kabla ya lolote. Tarehe 8 Septemba 1965 walioweka chini visu vyao walikuwa Wafilipino, wanaume waliozeekea mashambani, wakiongozwa na Larry Itliong. Zamani waajiri walikuwa wakivunja mgomo wa taifa moja kwa kuleta vibarua wa taifa jingine. Safari hii Itliong aliwafuata Wameksiko, chama cha César Chávez na Dolores Huerta, na tarehe 16 Septemba, sikukuu ya uhuru wa Meksiko, wakapiga kura kanisani kujiunga. Walikula jiko moja, wali wa Kifilipino na maharage ya Kimeksiko. Mwaka 1966 waliandamana kwa miguu hadi Sacramento. Nchi nzima ikaombwa isinunue zabibu, na watu wakasusia kweli. Julai 1970 wenye mashamba wakasaini mikataba na chama.

Walisainia Forty Acres, makao ya chama, nje kidogo ya mji. Ni uwanja mkavu wenye majengo meupe ya chini na kituo cha mafuta kilichokwisha kazi. Kuna Agbayani Village, nyumba za wazee wa Kifilipino waliojengewa 1974. Wengi hawakuwa wameoa, kwa kuwa sheria za California ziliwakataza kwa miaka mingi kuoa wanawake weupe, na wanawake wa kwao walikuwa wachache mno. Mzee alitembea peke yake hadi kwenye ukumbi, akaweka kiganja ukutani. Jembe lilikuwa kwenye buti ya gari. Shemeji alimwuliza kama alitaka alishushe. Akatikisa kichwa.

Nilimweleza hapo kuhusu kipande. Kwetu manamba alipewa karatasi ya siku thelathini. Amalize kazi ya siku moja, nyapara anaitia alama, na alama thelathini zisipotimia hakuna mshahara. Asiyemaliza kazi aliyokatiwa, siku yake haihesabiwi. Jina la manamba lenyewe lilitokana na namba. Babu alikuwa anatuhadithia mambo mengi ya Kasulu, lakini kipande chake alikiweka kwenye mkebe wa biskuti na hakutaka tukiguse. Mama anao mkebe huo mpaka leo.

Usiku, gesti, mzee akatoa pochi. Ndani ya plastiki alikuwa na kadi ya baba yake ya bracero. Kijana mwembamba, kola imefungwa mpaka juu, anaitazama kamera kama anaisubiri imwulize kitu. Na namba yake. Mpwa wangu alikuwa na daftari la likizo, ile kazi ya kuandika ukoo, na mpaka leo ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu.

"Mjomba, mpigie bibi."

Saa tatu usiku Delano ni saa moja asubuhi Tanga. Mama alikuwa ameshamaliza kufagia uwanja. Nilisikia mfuniko wa mkebe, kikohozi, kisha kimya akitafuta miwani. Mpwa wangu akamwamkia, akamwambia anataka namba ya babu.

"Marahaba mjukuu wangu. Namba ya nini tena?"

"Ya kipande."

Mama akaanza kusoma polepole, tarakimu moja moja, na mtoto akaziandika chini ya ile ya bracero. Ya mwisho ikamshinda. Mende wamekula pembe ya karatasi, akasema, haioni vizuri, ama ni moja ama ni saba.

Mtoto akanyanyua kalamu, akanitazama mimi, akamtazama baba yake. Mzee akauliza kuna nini, akatafsiriwa.

"Aandike zote mbili," akasema, akajisogeza kitandani ili aone vizuri daftari.